Juzuu ya Saba na Ombi la Bembea

Jumatatu, 10 Juni

Kuntala Behera amerudi mjini. Naandika tena ili nisome vizuri: Kuntala Behera amerudi mjini.

Joto hili korti zinaanza asubuhi, kwa hiyo saa moja nilikuwa tayari mezani kwangu, chini ya bati, langoni. Nilikuwa namwandikia mzee mmoja ombi kuhusu mbuzi aliyepotea. Nikainua macho. Huyo hapo. Kipakatalishi begani, miwani, mvi chache karibu na sikio. Anasimama vilevile, uzito wote kwenye mguu mmoja. Nikaandika "mbuzi" mara tatu katika sentensi moja.

Ametumwa kutoka mji mkuu. Wanataka kuweka sheria zote za jimbo mtandaoni, mtu yeyote asome bure, hata akiwa kitandani. Shida ni marekebisho. Miaka yote yalikuja kwa vipande vidogo vya karatasi, na kila ofisi ilitakiwa ikate na kubandika yenyewe. Nani alibandika? Wengine walifungia karanga. Halafu kimbunga kikaingia kwenye chumba cha nyaraka kule. Basi akaambiwa kwamba Baunsapali, langoni mwa korti, yupo Pradhan mmoja mwenye juzuu kumi na moja, kila kipande mahali pake tangu mwaka 1958.

Huyo Pradhan alikuwa baba. Siku hizi ni mimi, Banamali, mwandishi wa maombi.

Akaniuliza kama anaweza kukaa kwenye benchi langu na kuzipiga picha, juzuu baada ya juzuu. Atamaliza kabla ya sikukuu ya Raja, na ikiisha anaondoka. Nikajibu kwamba sheria ni mali ya umma. Nilisema kwa sauti nzito, kama mgeni rasmi.

"Asante, kaka," akasema.

Kaka! Miaka ishirini na miwili, kisha kaka.

Pitabas alikuwa anacheka ng'ambo ya barabara. Ana kibanda cha fotokopi na stempu za korti, na masikio kama ya sungura. Akauliza kwa sauti, sheria zikiwa za bure, mimi nitauza nini, majalada? Mtu anayeishi kwa kulamba stempu hawezi kuelewa mambo haya.


Jumanne, 11 Juni

Amemaliza juzuu nne. Nne! Kwa mwendo huu Ijumaa hana kazi tena.

Tulikula bisi za mchele na kitunguu kutoka karatasi moja. Viwiko viligusana mara mbili. Mara ya pili ilikuwa makusudi, yaani yangu.

Akauliza nani alibandika vipande hivi. Nikamweleza kuhusu baba: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, gundi ya uji wa wali, mikono imeoshwa, nyumba nzima kimya. Alikuwa akisema sheria isiyobandikwa marekebisho ni shahidi wa uongo. Kuntala akapitisha kidole juu ya kipande cha mwaka 1971, taratibu, akasema hajawahi kuona kazi kama hii. Nikataka kumwambia kitu. Nikamwambia leo kuna nzi.

Alinieleza, bila kuulizwa, kwamba mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Kisha akageuza ukurasa.

Acha niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Mwaka 1997 tulisoma wote chuo cha kupiga chapa. Yeye meza ya tatu, dirishani. Raja ilipokaribia nilimwandikia. Barua za mapenzi sikuzijua, nilijua maombi. Kwa hiyo niliandika ombi: Kwa Bi Kuntala Behera. Kuhusu: ruhusa ya kumsukuma bembea siku ya kwanza ya Raja, bembea iliyo kando ya bwawa la Tala Sahi. Mwombaji anaomba kwa unyenyekevu. Lilikuwa zuri. Lilikosa stempu tu. Wiki ile stempu ziliisha mji mzima, na ombi bila stempu ni karatasi tu, baba alinifundisha hivyo tangu nikiwa mdogo. Nikasubiri. Stempu zilipofika, Kuntala alikuwa ameshaposwa mji mkuu.

Ombi lenyewe sijui liliishia wapi. Nadhani mchwa.

Lakini leo nimepata akili. Juzuu ya saba iko ndani ya pipa la mchele nyumbani kwangu. Kesho akiiuliza nitasema iko kwa fundi wa majalada, na fundi harudi hadi Raja ipite. Bila ya saba kazi haijaisha. Kazi isipoisha haondoki. Hata baba angesifu mpango huu, kama asingejua pipa lina unyevu.


Jumatano, 12 Juni

Ameuliza. Nimejibu. Ameamini. Safi kabisa.

Saa tatu akaja Bi Phula wa Tala Sahi, kijiti cha mwarobaini mdomoni. Yule Rautray wa tanuri la matofali amezungushia bwawa waya wenye miiba. Wanawake hawaogi, hawafui, na bembea ya Raja itafungwa wapi? Kesi iko kesho mbele ya Afisa Ardhi. Akasema baba aliwahi kumsomea kipande kimoja katika Sheria ya Mabwawa, kinachowahusu wanawake na zile ngazi za kuteremkia majini.

"Nitafutie hicho kipande, mwanangu. Mimi sijui kusoma, lakini nilikisikia kwa masikio haya."

Sheria ya Mabwawa! Tangu baba afe hakuna aliyeiulizia hata mara moja. Na iko juzuu ya saba.

Nikasema iko kwa fundi. Kuntala akauliza kama fundi hawezi kufuatwa. Nikasema mama yake anaumwa sana. Pitabas akadakia kutoka ng'ambo kwamba fundi amemwona sasa hivi anakunywa chai, na mama yake alikufa mwaka wa kimbunga. Nikasema ni mama mkwe. Pitabas akasema fundi hajaoa.

Bi Phula akasema haidhuru, ataniombea mungu nikipate mapema. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya.


Alhamisi, 13 Juni

Siku mbaya.

Wakili wa Rautray alikuja na Sheria ya Mabwawa ya mwaka 1964, mpya kama imetoka dukani, haina kipande hata kimoja. Mwenye bwawa anaweza kuweka uzio. Imeandikwa hivyo. Bi Phula akasema kuna marekebisho. Afisa akauliza yako wapi. Bi Phula akaninyooshea kidole, kwa imani yote, mbele ya chumba kizima. Nikasema fundi. Afisa akampa hadi kesho saa tatu, kwa sababu baada ya hapo ni Raja na ofisi zinafungwa. Kesho hakuna kipande, waya unabaki.

Bi Phula hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi langu, akafungua jani la mgomba, akanikatia poda pitha, ile keki ya mchele ya Raja, ya kwanza ya msimu, bado ya moto.

"Mama yako alikuwa anaogea ngazi ya tatu," akasema. "Tulikuwa tunasuguana migongo. Kula."

Nilitafuna muda mrefu.

Bi Phula alipoondoka, Kuntala alifunga kipakatalishi chake. Hakupandisha sauti.

"Kile kipande kingekuwa mtandaoni mwezi uliopita, yule mama asingemwomba mtu. Mkwe wake angemsomea kwenye simu, wakiwa jikoni kwao. Ndiyo maana nimekuja, Banamali. Kitabu kiko wapi?"

Banamali. Bila kaka. Nimeliandika hapa nisije nikasahau.

Nilikwenda nyumbani, nikafunua pipa, nikarudi na juzuu ya saba kifuani. Nikasema fundi ameileta. Akaifungua. Punje za mchele zikaanza kudondoka mezani, moja, nyingine, nyingine. Zilidondoka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kuntala alizitazama, akanitazama mimi, akazikusanya kwa kiganja na kuwapa shomoro. Kisha akaanza na Sheria ya Mabwawa. Korti ilipofungwa aliondoka na kitabu hadi nyumba ya wageni.

Mpango umekufa. Ataondoka.


Ijumaa, 14 Juni

Sheria ya Mabwawa iko mtandaoni tangu alfajiri, na vipande vyake vyote.

Saa tatu mkwe wa Bi Phula alisimama mbele ya Afisa, ushungi kichwani, simu mkononi, akasoma. Wanawake waliotumia ngazi za bwawa kwa miaka kumi na miwili wasizuiwe na mtu yeyote, awe mwenye bwawa au mwingine. Marekebisho ya mwaka 1978. Alisoma polepole, akirudia palipomshinda. Afisa akatoa simu yake, akaona hayohayo. Wakili wa Rautray akatoa yake. Chumba kizima kimeinamisha vichwa kwenye simu, na mimi nimesimama katikati na juzuu zangu kama mwuza makaa kwenye jua kali.

Waya uondolewe leo. Bi Phula alilia, kisha akauliza alipe nini kwa kusomewa. Akaambiwa hakuna. Akauliza tena, akidhani hawajamsikia.

Pitabas alichapa nakala hamsini na kuzigawa bure langoni, chini yake jina la kibanda chake. Mshenzi. Watu wanne walipita mbele ya meza yangu wakisoma sheria wakitembea, hata salamu hawakunipa. Lakini chini ya ule ukurasa kuna mstari mdogo: Kutokana na nakala iliyotunzwa na marehemu Gobinda Pradhan, Baunsapali. Nilitaka kulia. Nililia. Nilimwambia Pitabas ni vumbi.

Kuntala amenirudishia juzuu zote. Ya saba aliiweka mikononi mwangu mwenyewe.

"Basi langu ni Jumanne saa tano," akasema. "Raja yote nitakuwa nyumba ya wageni, napumzika tu. Hicho kitabu kisome kabla hujakirudisha kwenye mchele."

Ananitania. Ni haki yake. Nimekipandisha juu ya kabati nisikione.


Jumamosi, 15 Juni. Raja, siku ya kwanza

Dunia imepumzika, jembe haliguswi, wanawake hawafanyi kazi, na mimi nilikuwa na mpango. Nitakwenda bwawani kikazi, kukagua kama waya umeondolewa. Kuntala akiwepo, itakuwa bahati. Nilivaa kurta, lile shati langu refu, limepigwa pasi.

Waya ulikuwa umeondolewa. Kuntala alikuwepo. Amepanda bembea, nyayo zimepakwa rangi nyekundu, anacheka kama mwaka ule ule. Na nyuma yake, anasukuma nani? Pitabas! Kwa mikono ileile ya stempu!

Bi Phula aliniita nije nisukume na mimi. Nikasema nina ukaguzi. Nikakagua mwembe mmoja kwa nusu saa, nikarudi nyumbani.

Nilijisikia vibaya sana. Miaka yote hii nilidhani hamu ni kitu kinachochakaa. Haichakai. Inakaa mahali pake kimya na siku moja unaisikia inapumua.

Ili nisahau, nikateremsha juzuu ya saba. Nilitaka tu kuona kama mchele umetoka. Sheria ya Mabwawa ilijifungua yenyewe. Mwishoni kabisa mwa jedwali, baada ya Fomu C, kuna karatasi iliyokunjwa, imebandikwa kwa gundi ya wali, pembe nne sawasawa.

Ombi langu.

Baba! Baba alilisoma. Baba aliyeninyima hata neno moja kuhusu wanawake maisha yake yote. Pembezoni, kwa mwandiko wake wa kubana: "Linahusu bwawa. Liwekwe kama Fomu D. Lihifadhiwe hadi litakapohitajika. G.P."

Na chini yake, wino wa bluu, mbichi:

"Limepokelewa 13 Juni. Limepitwa na muda kwa miaka ishirini na miwili. Kuchelewa kunaweza kusamehewa. Mwombaji afike mwenyewe, aeleze sababu. K.B."

Nimeyasoma mara kumi na nne. Kuchelewa kunaweza kusamehewa!


Jumapili, 16 Juni

Lazima lifanywe kwa utaratibu. Ombi la kusamehewa kuchelewa si mchezo. Nimeandikia watu mia tatu, na hata moja halijawahi kurudishwa.

Rasimu ya kwanza: sababu sita. Ya pili: kumi na moja. Sababu ya tatu, afya ya baba. Ya saba, mafuriko. Ya stempu nimeifuta, inamwonyesha mwombaji kuwa mtu wa ajabu.

Bi Phula alipita na jani la tambuu. Aliona karatasi sakafuni, akauliza. Nikamweleza, kwa maneno ya kisheria ili asielewe. Akaelewa.

"Amekuandikia ufike. Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

Nikamfafanulia utaratibu. Akasema yeye amelirudisha bwawa zima bila kujua herufi moja. Nikasema kesi yake ilikuwa tofauti. Akatema tambuu uani kwangu, akaenda zake.


Jumatatu, 17 Juni

Rasimu ya sita. Sababu kumi na nne, kila moja na tarehe. Mwisho: "Na kwa hisani hii mwombaji ataomba dua daima, kama inavyompasa." Nimelia hapo kidogo.

Jioni mapema nilipita mbele ya nyumba ya wageni, kwa matembezi. Kuntala alikuwa barazani peke yake. Kwenye meza vikombe vya chai viwili. Viwili! Kimoja kimefunikwa kisahani kisipoe.

Nilifika hadi kwenye geti. Nilishika komeo. Kisha nikakumbuka kwamba ombi halina stempu, na kibanda cha Pitabas kimefungwa hadi kesho saa nne. Mtu hawezi kwenda kwa mtu kama Kuntala na karatasi pungufu. Nikarudi. Nilipogeuka nyuma, alikuwa bado anatazama barabara, upande ule mwingine.

Kesho: stempu saa nne. Kituo cha basi ni dakika kumi. Basi saa tano. Muda unatosha na kubaki. Sijawahi kuwa na mpango mzuri hivi.


Jumanne, 18 Juni

Nilikuwa kibandani kwa Pitabas saa mbili. Wa kwanza kwenye foleni. Wa pekee.

Saa nne hajafungua. Saa nne na nusu hajafungua. Nilibisha mlango wa bati hadi mkono ukauma. Saa tano nikasikia honi ya basi, ile ndefu ya kona ya kituo. Nikajiambia ni basi jingine.

Saa tano na robo Pitabas akaja, shati limelowa jasho. Alikuwa amemsindikiza Kuntala. Hakukuwa na mtu wa kumbebea mzigo, akasema, sasa angefanyaje? Alimwomba dereva dakika tano. Kisha tano nyingine.

"Aliniuliza mara mbili kama kuna mtu anakuja," akasema. "Nikamwambia sijui, mji mzima umelala kwa Raja. Ulikuwa wapi, kaka?"

Nikasema nilikuwa hapa.

"Hapa unafanya nini?"

Nikamwonyesha bahasha. Aliitazama, akatazama kufuli la kibanda chake. Alifungua, akanipa stempu, akakataa malipo. Akailamba mwenyewe na kuibandika vizuri, pembe zote.

Sasa ombi limekamilika. Liko mbele yangu. Lile basi la Kuntala lazima limeshavuka mto.


Jumatano, 26 Juni

Siku saba sikuandika. Hakukuwa na la kuandika.

Juzuu zote kumi na moja ziko mtandaoni. Wateja wamebaki wachache, wale wanaopenda kusomewa na mtu. Kila jioni nasoma sheria kwenye simu, kwa sababu mikono ya Kuntala imepita pale. Hakuna kosa. Hata mkato mmoja.

Leo nimegundua jambo. Chini ya kila ukurasa kuna kisanduku: "Umeona kosa? Tuandikie." Pitabas anasema anayesoma ni Kuntala mwenyewe, mezani kwake, kila asubuhi. Ameapa.

Na kosa lipo! Jedwali la Sheria ya Mabwawa linaishia Fomu C. Fomu D haipo. Ni kweli, na ushahidi ninao, umebandikwa na marehemu Gobinda Pradhan. Nimeshaandika: "Fomu D imekosekana. Mwombaji bado yupo." Maneno sita. Hata Bi Phula, nilipomsomea, alisema hili ndilo, bonyeza.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Bahati nzuri nilikagua kwanza, maana haraka haraka haina baraka. Nimekipekua kile kisanduku juu hadi chini, na hakuna mahali pa kubandika stempu. Huenda wamesahau. Mtandao wenyewe bado mpya, watapaweka tu.

Nitasubiri.